Lama anayelinda kondoo: naombeni mnieleze huyu mnyama ana tabia gani

MtotoWaSongea

Wakuu habari zenu. Niko Ohio huku Marekani, nafanya kazi kwenye shamba la kondoo, kazi naipenda maana nyumbani nimekulia na mbuzi na kondoo nawajua. Sasa katikati ya kondoo kuna mnyama mmoja anaitwa lama, mweupe ana mabaka ya kahawia, shingo ndefu, masikio yamepinda kama ndizi, na bosi anasema huyo ndo mlinzi wa kundi zima, mbwa hawafugi. Mimi lama nilikuwa namuona kwenye picha tu, zile za milima ya Peru, sikujua kama kuna watu wanamtumia kwa ulinzi.

Nimemchunguza nimeona mambo ambayo nataka kuyaelewa. Kwanza hapendi kuguswa, ukimsogelea anarudi nyuma ila macho hakuachii. Pili anatoa sauti ya chini hivi mmmm mmmm, kondoo wakihamishwa ndo anaizidisha. Tatu anajisaidia sehemu moja tu, kila siku palepale, malisho mengine yote masafi. Na juzi dume la kondoo lilimsogelea wakati anakula akalitemea uji wa kijani unaonuka vibaya sana, afu yeye mwenyewe akabaki mdomo umelegea muda mrefu utadhani anaumwa, mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Maswali yangu, huyu ni ngamia au ni nini hasa? Kwa nini wamemuweka mmoja peke yake bila mwenzake? Anaweza kumdhuru mtu? Na la mwisho, mjomba wangu nyumbani fisi wanammalizia mbuzi, je lama angemfaa? Mwenye ujuzi aandike kwa kirefu tu nitasoma.

jembe_la_mkono

Nafuatilia hapa. Mi niliwahi kuambiwa lama alitokana na ngamia kupandana na kondoo, naomba hilo nalo lijibiwe.

DaktariWaZizi

MtotoWaSongea karibu sana, umeuliza maswali ya mtu anayeangalia mifugo kwa macho mawili. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea Morogoro na sasa niko Pennsylvania, huku lama na alpaka natibu mara kwa mara.

Nianze na la jembe_la_mkono. Hapana, kondoo hayumo kabisa. Lama ni ukoo mmoja na ngamia, na ukoo huo wote asili yake ni huko huko Amerika ya Kaskazini ulipo wewe, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Baadaye sana wengine walivuka kwenda Asia wakati Alaska na Siberia zimeungana kwa nchi kavu, hao ndo wakawa ngamia tunaowajua, wengine wakashuka kusini kama miaka milioni 3 iliyopita wakaenda kuishi milima ya Andes, na wale waliobaki kaskazini wakaja kuisha kabisa mwishoni mwa zama za barafu. Kwa hiyo lama na ngamia ni ndugu waliotengana zamani mno. Wote wana kromosomu 74, wote wanacheua lakini tumbo lao lina vyumba vitatu sio vinne kama la ng'ombe, na wote seli zao nyekundu za damu zina umbo la yai wakati sisi na wanyama wengine wanaonyonyesha karibu wote za kwetu ni duara. Lama mwenyewe hapatikani porini. Ametokana na guanako, mnyama wa porini wa kule Andes, na watu walianza kumfuga miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita. Alpaka ni mwingine, mdogo, ana kilo 60 hivi, anafugwa kwa ajili ya sufu, na vipimo vya DNA vilivyotolewa mwaka 2001 vilionesha yeye asili yake ni vikunya, mnyama mwingine wa porini wa Andes, sio guanako. Lama mzima ana kilo 130 mpaka 200, ukipima mpaka kichwani anafika mita 1.7 au 1.8, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 25.

Sasa kutema. Watu wengi wanadhani lama anatemea watu ovyo, na hilo linaniuma kidogo maana mnyama anapewa sifa ya ukorofi asiyostahili. Lama anatemea lama wenzake, ni lugha yao ya kupangana nani mkubwa nani mdogo, na hasa kwenye chakula. Jike mwenye mimba naye atamtemea dume anayemfuata. Mtu anatemewa akiwa amemsumbua sana, au kama mnyama alilelewa vibaya akamuona mtu kuwa ni lama mwenzake. Na hatemi ghafla bila kutoa taarifa. Kwanza masikio yanalala nyuma, afu pua inainuka juu, kidevu kinaelekea mbinguni, ukiwa bado umesimama hapo ndo anapuliza hewa na mate kidogo, ukiendelea anatoa nyasi alizokuwa anatafuna, na mwisho kabisa ndo anavuta kutoka tumboni ule uji wa kijani ulioona. Huo wa tumboni ni mchungu na unamkera hata yeye, ndo maana baada ya hapo mdomo wa chini unaning'inia na hataki kula kwa muda. Haumwi, muache tu, atarudi sawa.

Ile mmmm ni mazungumzo yake. Anaitoa akiwa na wasiwasi, akichoka, akiona joto, akitengwa na kundi, na mama anaitoa kwa mtoto wake tangu anazaliwa. Wewe umesema anaizidisha kondoo wakihamishwa, hiyo ni dalili nzuri, ina maana ameshawachukua wale kondoo kuwa kundi lake. Siku utakayosikia sauti ya kupasuka, kali, inarudiarudia, inayosikika mpaka mbali, hiyo sio mmmm tena, hiyo ni kengele ya hatari, acha kazi uliyoshika uangalie upande anaoangalia yeye.

Na hapo ndo tunafika kwenye ulinzi. Lama ana chuki ya asili na wanyama wa jamii ya mbwa. Koyote, yule mbwa wa porini wa huku Marekani, akiingia, au mbwa wa jirani, lama masikio yanasimama mbele, anapiga kengele, anamfuata badala ya kukimbia, anajiweka kati yake na kondoo, anapiga teke na kukanyaga. Koyote amezoea kuona mnyama anakimbia, akimkuta mrefu hivi anamjia yeye anaondoka. Kuna utafiti ulifanyika Chuo Kikuu cha Iowa State mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliwahoji wafugaji wa kondoo wenye lama, hasara ya kondoo kwa mwaka ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 7. Na mlinzi mzuri mara nyingi ni dume aliyehasiwa, awe mmoja. Ukiweka wawili au watatu wanapendana wao kwa wao, wanakwenda kulisha upande wao, kondoo wanabaki bila mtu. Akiwa peke yake, kwa kuwa lama ni mnyama wa kundi na hawezi kuvumilia upweke, anawashika kondoo kuwa ndio ndugu zake. Bosi wako anajua anachofanya.

La fisi nitalijibu wazi. Lama hatamsaidia mjomba. Kwao kwenyewe Andes puma anawaua lama, na hapa Marekani mbwa mwitu wakija kwa kundi lama hawezi. Anamudu koyote mmoja, mbweha, mbwa wa mtaani. Fisi ana taya la kuvunja mfupa na anakuja usiku na wenzake, kwa chui ndo usiseme. Ungekuwa unampelekea fisi kitoweo kikubwa zaidi ya mbuzi.

NgamiaWaMarsabit

Daktari asante, umeongea ukweli. Mimi ni wa Marsabit, familia yetu ni wafugaji wa ngamia tangu babu wa babu, na nikisoma hii maneno yenu ya lama naona ni kama mnaniongelea mifugo ya baba.

MtotoWaSongea wacha nikuambie penye ngamia na lama wanafanana kwa mwenye amewachunga. Ngamia akizaa hamlambi mtoto, ng'ombe analamba, mbuzi analamba, ngamia ananusa tu na kuongea na yeye, na nimesoma lama ni vilevile kwa sababu ulimi hautoki nje ya kutosha. Kupandana ni wakiwa wamelala chini, wote. Jike yai halitoki mpaka dume apande, sio kama ng'ombe mwenye anaingia joto kwa tarehe zake. Na hiyo tabia ya kulala chini akikataa kazi! Ngamia ukimfungia mzigo vibaya atalia na kubaki chini, na lama ukimzidishia uzito anapiga magoti analala, hasimami mpaka upunguze. Watu wa mji wanaita hiyo ukaidi lakini mchungaji anajua mnyama anakuambia kitu, ukimpiga hapo utamharibu na hatakuamini tena.

Penye wanatofautiana sasa. Ngamia wetu anabeba kilo 150 na zaidi, ndiyo anahamisha nyumba nzima, miti, mikeka, mitungi ya maji, watoto juu. Lama ni kilo 25 au 30 kwa safari ya siku nyingi, na mtu mzima hapandi mgongoni, mgongo wake haukuumbwa kwa hiyo. Nundu hana. Mguu wa ngamia ni sahani moja pana ya kukanyaga mchanga, wa lama vidole viwili viko huru kila kimoja na nyama yake laini chini, kwa hiyo anashika jiwe na anapita mteremko mwenye punda ataogopa. Pia lama hawezi kukaa bila maji ile siku nyingi ngamia wetu anakaa. Yeye shida aliyoumbiwa sio jangwa, ni baridi na hewa nyembamba.

Mwenye anajua habari za kwao kwenyewe huko juu atuambie, wachungaji wa huko wanaishi naye vipi?

mwalimu_kombo

NgamiaWaMarsabit swali lako limenigusa, mimi nafundisha historia na Andes ni eneo ambalo nimelisoma kwa mapenzi makubwa.

Kwao lama ni Altiplano, uwanda wa juu uliopo Bolivia na kusini mwa Peru, wastani wake ni mita 3,750 juu ya usawa wa bahari, kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hapo ni karibu sawa na kambi ya Horombo. Sasa fikiria watu wanalima, wanaoa, wanafuga kwenye urefu huo, na malisho yanapanda mpaka karibu mita 5,000. Damu ya lama inakamata oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya wanyama wengi, kwa hiyo pale mgeni anapohema yeye anatembea na mzigo. Nyasi za kule zinaitwa ichu, ngumu na kavu, ng'ombe hazimshibishi, lama anazicheua taratibu mpaka anapata chakula ndani yake. Na watoto wake wanazaliwa zaidi asubuhi na mchana, baada ya mimba ya miezi kumi na moja na nusu hivi, mmoja tu, ili jua limkaushe kabla baridi ya usiku haijashuka. Mama asiyeweza kulamba mtoto akizalia usiku kule juu, mtoto anakufa.

Watu wengi wakitaja Wainka, waliotawala Andes kabla ya Wahispania, wanataja mawe ya Machu Picchu, mimi naona lama ndiye aliyeibeba dola ile. Hawakuwa na farasi, hawakuwa na punda, hawakutumia magurudumu kusafirisha kitu. Walikuwa na barabara, ule mtandao wa Qhapaq Ñan wenye zaidi ya kilomita 30,000 ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2014 kwa nchi sita kwa pamoja, na juu ya barabara hizo misafara ya lama madume ikipeleka mahindi, nguo na viazi vilivyokaushwa kwenye maghala ya serikali. Serikali ilikuwa na makundi yake, dini ina makundi yake, wananchi wana yao, na hesabu zinawekwa kwa mafundo ya kamba.

MtotoWaSongea umetaja jambo la kujisaidia sehemu moja, hilo sio dogo hata kidogo. Kwenye uwanda ule miti hakuna. Kinyesi cha lama kikikauka ndio kuni, wanakiita taquia, na kwa kuwa mnyama mwenyewe anakirundika mahali pamoja hakuna haja ya kuzunguka malisho kukiokota. Ndio mbolea pia. Watafiti waliochimba tope la ziwa dogo la Marcacocha karibu na Cusco walikuta kwamba miaka 2,700 hivi iliyopita mahindi yalianza kulimwa juu kabisa milimani wakati uleule dalili za kinyesi cha lama zinaongezeka, na maelezo yao ni kwamba bila mbolea hiyo mahindi yasingestawi pale. Mimi nikisoma hilo naona ustaarabu mzima umeinuliwa na mnyama ambaye leo watu wanamjua kwa kutema tu, na inanisikitisha.

Nyama wanaikausha kwa jua la mchana na baridi ya usiku, inaitwa charki, na Oruro kule Bolivia kuna chakula maarufu cha nyama hiyo kukaangwa na kuliwa na mahindi, viazi, yai na jibini. Sufu ya nje ngumu inasokotwa kamba na magunia ya kubebea mizigo, ile laini ya ndani ndo nguo. Lama alitolewa sadaka pia, na sio lama peke yake, pale Huanchaquito kwenye pwani ya kaskazini ya Peru walifukua watoto zaidi ya 130 na lama zaidi ya 200 waliochinjwa pamoja miaka ya 1450 hivi, kabla ya Wainka kuliteka eneo lile. Hilo ni zito na silifichi, maana ukitaka kujua mnyama ana thamani gani kwa watu angalia wanamtoa kwa nani na kwa shida gani.

Wahispania walipoingia mwaka 1532 mambo yaliharibika haraka. Lama walichinjwa kwa wingi, magonjwa, vita, na kondoo walioletwa kutoka Ulaya wakachukua malisho mazuri ya chini, lama na wachungaji wao wakasukumwa juu zaidi. Fedha ilipogunduliwa Potosí mwaka 1545, lama ndio walioteremsha mawe ya madini kutoka mlimani mpaka nyumbu, wale wa punda na farasi, walipokuja kuchukua nafasi. Lakini hawakuisha. Bolivia leo ndiyo yenye lama wengi kuliko nchi yoyote, zaidi ya milioni mbili, na wenye nao ni Waquechua na Waaymara, wenyeji walewale wa milima ile.

Na wachungaji wanaishi naye vipi, dada yangu wa Marsabit (kama nimekosea ni kaka naomba radhi), naona wangeelewana na nyinyi siku ya kwanza. Wanajua kila mnyama kwa rangi na jina. Kuna sherehe ambapo lama wanavishwa masikioni vishada vya sufu vya rangi, nyekundu, waridi, njano, na kinywaji kinamwagwa chini kwa ajili ya Pachamama, ardhi mama. Misafara ya chumvi kutoka Uyuni ilikuwa inashuka mabondeni kubadilishana na mahindi, madume yaliyohasiwa, kila moja mzigo wake mdogo, linaloongoza lina kengele shingoni, kilomita 15 au 20 kwa siku afu wanaachwa walishe. Malori yameua sehemu kubwa ya kazi hiyo.

NgamiaWaMarsabit

Ni dada, umepatia mwalimu. Hiyo ya kengele shingoni ya kiongozi imenifurahisha sana, kwetu ni kengele ya mbao na tunaichonga wenyewe.

bukavu_gent

Miye ni Mkongomani wa Bukavu, niko Ubelgiji masomoni mambo ya maabara. Ninaongeza kitu kimoja tu juu ya damu yao maana daktari ametaja seli nyekundu lakini kuna kingine kikubwa. Mwaka 1993 watu wa chuo cha VUB Brussels walichapisha kwamba damu ya ngamia iko na aina ya kingamwili ambayo haipatikani kwetu sisi, ni nyepesi, imekosa sehemu moja ya zile za kawaida, na lama na alpaka wanayo pia. Ukikata kile kipande kinachoshika ugonjwa unapata kitu kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, na kinavumilia joto na kinaingia kwenye kona ambazo kubwa haziingii. Wanaita nanobodi. Dawa ya kwanza ya namna hiyo ilikubaliwa Ulaya mwaka 2018, ni ya ugonjwa adimu wa damu kuganda kwenye mishipa midogo. Na wakati wa Korona, mwaka 2020, watafiti wa Gent na wa Texas walitumia kingamwili za lama jike mmoja anaitwa Winter, wa shamba huku huku Ubelgiji, kupata nanobodi inayozuia kirusi kushika seli. Lama mwenyewe anachomwa sindano ya chanjo na anatolewa damu kidogo, anarudi malishoni.

Abu_Salha_Dubai

Kuhusu lile swali la kupandana na kondoo, halipo, ila na ngamia lipo. Hapa Dubai mwaka 1998 kilizaliwa kiumbe, aina yake wakaiita "kama" (cama kwa Kiingereza), baba ngamia wa nundu moja, mama wa jamii ya lama, kwa kupandikiza mbegu maana kwa kimo hawawezi kukutana wenyewe. Nundu hakuwa nayo. Wakamuita Rama.

MtotoWaSongea

Aisee wakuu nimesoma yote mara mbili. Daktari na mwalimu Mungu awabariki, na dada wa Marsabit pia, hilo la kulala chini akizidiwa nitalikumbuka.

Sasa daktari kuna jambo limejitokeza leo naomba ushauri wako haraka kidogo. Jirani ana lama majike, mmoja amekufa amemuacha mtoto dume wa wiki chache, na bosi anataka kumchukua tumlee kwa chupa nyumbani aje kuwa mlinzi wa pili shamba la upande wa pili. Watoto wa bosi wameshampenda, wanamkumbatia wanalala naye kwenye majani. Mi roho yangu inaniambia kuna kitu hakiko sawa lakini siwezi kumwambia bosi bila sababu.

DaktariWaZizi

Roho yako iko sahihi, na mwambie bosi leo hii usisubiri kesho. Hili ndo jambo la hatari kuliko yote kwa lama na ndilo jibu la swali lako la mwanzo kama anaweza kumdhuru mtu. Lama dume aliyelelewa na watu peke yao, chupa, kukumbatiwa, kulala nao, anakua akijua binadamu ni lama. Akiwa mdogo inapendeza sana, anakufuata, anakunusa usoni. Akifika miaka miwili mitatu homoni zinaingia, sasa anataka kupigania nafasi na madume wenzake, na dume mwenzake anayemjua ni wewe. Anakuja kwa kifua, anakuangusha, anauma miguu na mapaja ndivyo wanavyopigana, na dume ana meno sita makali ya kupigania, manne juu na mawili chini, yanayokata kama hayajasagwa. Kilo 150 zikikukalia juu ni kifo. Ukimhasi akishafika hapo mara nyingi haitoshi, maana ameshajifunza, na wengi wanaishia kuuawa, kosa sio lao.

Mtoto anaweza kuokolewa bila hayo. Ale kwa chupa lakini akae na wanyama, lama wa jirani ni bora zaidi, kama haiwezekani basi kondoo. Ingia, mpe maziwa, toka. Asiguswe usoni, asikumbatiwe, asichezewe, watoto wamuangalie nje ya fensi tu. Na ahasiwe, umri gani mtapanga na daktari wenu wa huko kwa sababu akihasiwa mapema mno mifupa ya miguu inarefuka vibaya. Hata huyu mkubwa wenu, ile tabia ya kurudi nyuma ukimsogelea ndo heshima unayoitaka, usijaribu kumzoesha kupapaswa.

Na kwa kuwa uko Ohio kuna la pili, mnyoo wa ubongo. Kulungu wa mkia mweupe anaubeba bila kuumwa, unatoka na kinyesi chake, unaingia kwenye koa na konokono, lama anakula nyasi zenye koa mdogo bila kuona, mnyoo unaingia kwenye uti wa mgongo. Ukiona miguu ya nyuma inayumba, anajikwaa, anashindwa kuinuka, hiyo sio ya kusubiri hata usiku mmoja. Mashamba mengi ya upande huu wanachoma ivermektini kila mwezi msimu wa hatari, muulize bosi kama anafanya hivyo, na sehemu zenye majimaji zilizopakana na msitu zizungushiwe fensi.

MtotoWaSongea

Nimemuonesha bosi ujumbe wako nikimtafsiria, amesema mtoto atabaki kwa jirani na majike mengine, chupa tutakuwa tunampelekea kule. Sindano ya mnyoo anachoma. Ila joto la huku Julai ni kali na huyu mkubwa ana manyoya mengi, tumnyoe? Na nimwagie maji?

DaktariWaZizi

Safi sana, mshukuru bosi kwa niaba yangu. Mnyoeni mwezi wa tano kabla joto halijafika, angalau mbavu na tumbo, mgongoni muache kidogo jua lisimchome. Maji usimwagie mgongoni kwenye manyoya, yanashika joto ndani na kumchemsha, mwagia tumboni na katikati ya miguu ambako ngozi iko wazi, hapo ndo anapopoteza joto. Kivuli na maji ya kunywa wakati wote.

Na ukishamaliza kumnyoa mumshike, bosi ashike kamba, wewe weka mkono nyuma ya mabega uti wa mgongo ulipo. Manyoya yanadanganya, lama anaweza kukonda miezi mizima kwa macho huoni. Ukikuta pande mbili za uti zimeteremka sawa na nyama imejaa, yuko vizuri, zikiwa zimeingia ndani ni mwembamba, uti ukiwa haushikiki kabisa amenenepa na kondoo wanamuachia nafaka nyingi mno. Rudia kila mwezi na uandike.